Imebaki Meza Moja

Wapendwa, mfano huu msiende kuutafuta kwenye vitabu vya historia. Nimeutunga mwenyewe juzi, nikisubiri zamu yangu kwa kinyozi.

Palikuwa na mfalme mmoja wa Uingereza, enzi zile za kola pana kama sinia. Hazina yake ilikuwa imekauka, lakini jikoni kwake moshi haukatiki. Desturi ya jumba lile ilikuwa hivi: kila mkubwa ana meza yake, inaandaliwa nyama, mikate na pombe kila siku kwa gharama ya mfalme, mwenyewe awepo asiwepo. Na fedha zikipungua, maofisa wanatumwa vijijini kuchukua ng'ombe na kuku wa wakulima kwa bei ya kutupa. Mkulima akilia, nani wa kumsikia?

Mfalme akamwita mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, mtu asiye na ukoo wa maana, akampa ufunguo wa hazina.

"Nisafishie nyumba yangu," akamwambia. "Usimwogope mtu."

Mnajua alianzia wapi? Kwake! Cheo chake kilikuja na meza nono. Akaifuta siku ile ile, akawa anakuja na mkate na jibini kutoka nyumbani, amevifunga kwenye kitambaa. Mabwana wakubwa wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kicheko kikawakauka alipofika kwenye meza zao. Wakamnunia, wakamsengenya, mmoja akamtemea mate viatuni. Hakurudi nyuma hata hatua. Mwanamume kweli kweli yule, nampenda mpaka leo!

Kukawa na meza moja ya ajabu. Mama yake mfalme alikuwa amefariki miaka mingi, lakini chakula chake kilikuwa bado kinapikwa, maana hakuna aliyetoa amri ya kuacha.

"Ile ni heshima ya mama yangu," mfalme akasema kwa ukali. "Usiiguse."

"Sawa, Mtukufu. Basi twende tukamtolee mama heshima."

Wakaenda, bila tarumbeta. Loo! Wakakuta mashemeji wa wapishi na marafiki wa walinzi wamejaa tele, midomo inang'aa mafuta, wanagombania paja la bata bukini. Na kwenye kiti cha mama, mbwa kalala.

Mfalme akalia machozi. Akaifunga meza ile yeye mwenyewe, kisha akamkumbatia mtunza hazina wake.

"Umeniponya, rafiki yangu. Sasa tumemaliza?"

Yule mtu angesema ndiyo, angezeeka na cheo chake na wajukuu zake wangeitwa mabwana. Lakini akawafikiria wale wakulima. Ng'ombe walikuwa bado wanaswagwa kuja jikoni, na alijua wanakwenda meza gani.

"Imebaki moja, Bwana wangu," akasema. "Ya kwako."

Mfalme akanyoosha mkono, na safari hii haukuwa wa kukumbatia.

"Lete ufunguo."

Akaurudisha. Akatoka kwa miguu, kitambaa cha mkate kwapani, na hakugeuka nyuma. Asubuhi yake maofisa wakatoka kwenda vijijini kama kawaida.

Sasa niangalieni. Meza za mabwana zilipofutwa mlipiga makofi, nimewasikia. Wale walaji wa meza ya marehemu waliponaswa mlicheka, na wewe mama wa pale nyuma ulicheka kuliko wote! Ndivyo tulivyo sisi. Tunaomba, Ee Bwana, isafishe serikali, lisafishe kanisa, usafishe ukoo wa mume wangu. Naye anasafisha, na sisi tunaimba haleluya. Mpaka siku anasimama mbele yetu, anatuambia kwa upole kwamba imebaki moja.

Basi usinieleze unavyomsifu mtunza hazina. Hata mfalme alimsifu. Leo hii, akifika kwenye meza yako, utamkaribisha, au utamwambia alete ufunguo?