Elfu Moja ya Bwana Mkhandi

Minada ilikuwa imeshahamia kwenye simu siku Bi Siwema alipoitamani mashine kuukuu ya kukamua alizeti. Bwana Mkhandi, mwenye mashine pekee pale kijijini, hakutaka mshindani. Kila Siwema alipotaja bei, yeye aliongeza elfu moja tu, nyongeza ndogo kuliko zote zilizokubaliwa. Siwema akaruka hadi laki tano. Mkhandi akamfuata nyumbani.

"Mwisho wako ngapi, Siwema?"

"Ndiyo hiyo laki tano, bwana. Hata shilingi ya kuongeza sina."

"Basi elfu moja yangu itakutoa."

"Itanitoa. Ila ukiiweka mapema, nitapata muda wa kumkopa shemeji."

Mkhandi akacheka, akavuta kigoda, akangoja. Ilipobaki nusu dakika mnada ufungwe, akaandika laki tano na elfu moja. Simu ikakataa. Akabonyeza tena, ikakataa tena.

"Mtandao wenu mbovu!"

"Mtandao mzima, bwana. Bei ikishafika laki tano, nyongeza ndogo kabisa ni elfu kumi."

Mkhandi akafuta tarakimu moja baada ya nyingine. Alipomaliza kuandika upya, mnada ulikuwa umefungwa.

Siwema akamkaribisha uji.