Mbwa Aliyenyamaza Aliposokotwa Sikio

Ndugu zangu, mfikirieni mama mmoja wa milimani, mahali ambapo mashamba yanapakana na miamba, na miambani wanakaa nyani. Ninyi mnaolima huko mnamjua nyani. Haji akala akashiba akaondoka. Anavunja hindi, analionja, analitupa, anavunja lingine, na wakati huohuo wenzake thelathini wanafanya vivyo hivyo.

Mama huyu alikuwa na binti wa darasa la sita. Mume alikuwa mbali kwenye kazi ya kupasua mbao, akirudi nyumbani mara moja katika miezi mitatu. Kwa hiyo mahindi yalipoanza kubeba, aliyepanda dunguni kulinda shamba alikuwa ni yule binti, kwa sababu mama alikuwa bondeni tangu asubuhi kwenye viazi na mboga. Wiki ya kwanza binti alikosa shule siku mbili. Wiki ya pili akakosa tatu. Mwisho mwalimu alimwita mama, akamweleza kwa upole kwamba mtoto ana akili, lakini mwakani ni darasa la saba, na akiendelea kukaa dunguni asitegemee kwenda sekondari.

Mama hakubishana na mwalimu. Alirudi nyumbani, akamkuta binti anamenya viazi, akamwambia, "Mwakani hukai dunguni hata siku moja. Natafuta mbwa."

Na mama huyu akisema neno, amesema. Alizunguka vijiji vitatu kwa miguu. Kwa mmoja alikuta mbwa wazuri lakini wamezoea kulala jikoni. Kwa mwingine akakuta mbwa mkali aliyekuwa amemng'ata jirani aliyemletea mgonjwa uji. Huyo naye akamwacha. Siku ya nne akafika ng'ambo ya kilima, kwa mama mmoja mfuga mbuzi, mcheshi, mwenye maneno mengi, ambaye mbwa wake jike alikuwa amezaa watoto watano.

Sasa mjue desturi ya watu wa huko. Mbwa hachaguliwi kwa rangi wala kwa ukubwa. Unamshika mtoto wa mbwa, unamsokota sikio. Akilia, huyo ni mwoga, mrudishe chini. Asipolia, huyo ndiye. Mababu walifanya hivyo, baba zao wakafanya hivyo, na hakuna aliyewahi kuuliza sana.

Mama akaanza. Wa kwanza, mweupe mweupe, alipiga yowe mpaka mbuzi wakatawanyika. Wa pili akalia, wa tatu akalia, wa nne akalia hata kabla hajaguswa vizuri. Wa tano alikuwa mweusi. Mama akamshika sikio, akalisokota. Mbwa akamtazama, akanyamaza. Akasokota tena kwa nguvu zaidi. Kimya.

Mwenye mbwa akacheka. "Shoga yangu, unavyokagua mtu angesema unatafuta mkwe." Kisha akamshauri amchukue yule mweupe, maana tangu afumbue macho hapiti mjusi uani bila yeye kutangaza.

"Anayelia kwa ajili ya sikio," mama akasema, "siku akimwona nyani dume atafanya nini?"

Nawauliza ninyi, mngemchukua yupi? Msijibu haraka. Mimi naona mikono mingi hapa ingekwenda kwa yule mweusi.

Basi mbwa mweusi akaletwa nyumbani ndani ya kikapu. Binti akampa jina Askari. Usiku wa kwanza mbwa alimlilia mama yake, kama mtoto yeyote. Mama akagonga ukuta kwa fimbo. Akilia njaa, fimbo inagongwa. Akilia baridi, anahamishiwa mbali zaidi na mlango. Binti alitaka kumpakata, mama akamkataza, akamwambia kwamba mbwa wa kubembelezwa hafai shambani. Baada ya mwezi mmoja Askari hakulia tena. Majirani walipita wakamsifu. Mbwa mkubwa, ametulia, hana makelele. Mama alifurahi, na kusema kweli alikuwa na haki ya kufurahi, maana alikuwa ameamua jambo na ameliona likikua mbele ya macho yake.

Msimu ukafika. Binti yuko darasa la saba, yuko darasani kila siku, daftari zimejaa. Mpango ulikuwa rahisi. Mbwa mmoja hawezi kupigana na kundi la nyani, na mama alilijua hilo. Kazi ya Askari ilikuwa kukaa chini ya dungu, na akiwaona wanashuka miambani, abweke. Kutoka shambani mpaka bondeni sauti inafika vizuri. Mama angesikia, angepanda mbio na kombeo lake, na kwa kombeo alikuwa hakosi.

Siku ya kwanza alilima huku ametega sikio. Kimya. Siku ya pili kimya. Akamshukuru Mungu, akasema nyani wamemwona Askari wameogopa. Siku ya tatu, giza likiwa limeshaingia, binti aliyempelekea mbwa chakula alirudi akasema anachechemea. Mama akajibu kwamba ni mwiba, utatoka wenyewe. Siku ya nne kimya. Mama akafikia hatua ya kuimba akiwa kwenye viazi.

Siku ya tano alipanda shambani mwenyewe kuchukua jembe alilolisahau.

Mistari minane ya mahindi ilikuwa imelala chini. Magunzi yametafunwa nusu, yametupwa kila mahali. Na Askari alikuwa amelala chini ya dungu, paja limechanwa, sikio limeraruka, manyoya ya nyani yamenasa kwenye meno yake. Mama akapiga magoti. Hapo ndipo alipoona kwamba majeraha hayakuwa ya siku moja. Kulikuwa na la leo linalotoka damu, na la juzi linaloanza kuoza, na la siku ya kwanza limeshafanya gamba. Siku hizo zote tano, hata ile aliyoimba bondeni, mbwa huyu alikuwa huku juu anapigana na kundi zima, peke yake, bila kutoa sauti.

Akamfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, akapanda kilima, akateremka ng'ambo kwa yule mfuga mbuzi, ambaye alijua kutibu wanyama. Na alifika amekasirika. Alisema ameuziwa mbwa bubu, kwamba mtoto wake atarudi dunguni kwa sababu ya mbwa bubu, na kwamba mtu mwenye utu angemwonya.

Mfuga mbuzi safari hii hakucheka. Alichemsha maji ya chumvi, akaanza kuosha lile jeraha la paja. Askari akatetemeka mwili mzima, macho yakamtoka, mdomo ukabaki umefungwa.

"Huyu si bubu, dada," akasema. "Alizaliwa hapa, nimemsikia akilia kama wenzake. Siku ile alinyamaza kwa sababu alikuwa amekuogopa, nawe ukasema ni ushujaa. Kisha umemlea mwaka mzima ukimfundisha kwamba akiumia anyamaze. Amejifunza. Sasa umekuja kugombana na nani?"

 Mama alikaa pale, ameshika kichwa cha mbwa, mpaka maji yakapoa.

Lakini nimewaambia ni mama wa namna gani. Kesho yake asubuhi binti alivua sare za shule, akashika njia ya kwenda shambani bila kuambiwa. Mama akamrudisha. Alimwambia avae sare zake aende akasome. Viazi vya bondeni akaviachia magugu, akapanda dunguni yeye mwenyewe na kombeo, na Askari pembeni amefungwa vitambaa. Akakaa huko mpaka mavuno. Na kila mbwa yule alipoguna kidogo tu, mama alishuka dunguni kumwangalia. Mara ya kwanza Askari alificha kichwa, akingojea fimbo. Ilichukua wiki nyingi kabla hajaacha kuficha kichwa. Ndugu zangu, kufundisha kunyamaza kulichukua mwezi mmoja. Kuliondoa fundisho hilo ndiko kulikula msimu mzima, na viazi vyote.

Sasa tuache mbwa. Tuzungumze sisi.

Sisi tunawachaguaje watu wetu? Bibi harusi akilia jikoni kwa mama mkwe, tunasema hana malezi. Yule anayepigwa akaja kanisani ametabasamu, huyo tunampa uongozi wa akina mama. Mtoto wa kiume akianguka akalia, tunamwuliza kama yeye ni msichana. Msichana akilia, tunamwambia akubali, ndio ukubwa. Yule mzee wa kanisa anayebeba kila kazi na hajawahi kusema amechoka, tunampongeza mbele ya watu, kisha tunamwongezea nyingine. Tumewasokota masikio, na walionyamaza tukawaita imara.

Halafu siku moja tunapanda kule juu tukiwa tunatafuta kitu kingine kabisa, tunakuta nyumba imelala chini. Ndoa imekwisha, mtoto ametoroka, mama wa watu amelazwa. Na tunasema nini? Tunasema, "Mbona hakutuambia?" Hilo ndilo neno letu. Kwenye kila msiba wa namna hiyo nimelisikia. Mbona hakusema.

Angesemaje? Nani kati yetu alimwacha aseme hata mara moja bila kumgongea ukuta?

Tena tunakiita kimya chake amani. Tunaimba bondeni. Tunamshukuru Mungu kwa utulivu ambao Mungu hakutupa. Mungu hajawahi kuchoka na mtu anayelia. Someni Zaburi mwone ni ngapi zinaanza kwa kilio, na hakuna hata moja aliyoirudisha.

Siwaombi leo mrudi nyumbani mkiwa na huzuni. Nawaomba kitu kimoja, na ninakiomba kwa nguvu. Kila mmoja wenu anamjua mtu ambaye watu husema juu yake, "Yule hana shida." Jina lake limeshakujia sasa hivi. Kabla jua halijazama leo, nenda kwake. Usipeleke zawadi, usipeleke ushauri. Mwulize anaumia wapi. Atakuambia hakuna kitu, amezoea kusema hivyo. Wewe usiondoke. Vuta kigoda, kaa.