Kanzu ya Marehemu Shamte

Hapo zamani za kale, wanangu, wadudu wa nyumbani walikuwa na vyumba vyao na masanduku yao, na walifiwa kama tunavyofiwa sisi.

Bi Nge alifiwa na mumewe, Shamte. Marehemu aliacha kanzu moja nyeupe, iliyotiwa wanga ikakakamaa, na wosia mmoja: "Mwanetu Mbaruku akioa, aivae."

Bi Nge akaifungia sandukuni, akakaa mlangoni, mwiba juu. Nani athubutu? Hata Mende, na ubabe wake wote, alipita mbali.

Basi akaja Dudufedha, yule mdudu mwembamba anayeng'aa, anayechoropoka ukifungua sanduku la nguo. Huyo anapenda wanga kuliko roho yake!

"Hodi, shangazi!"

"Hodi ya nini? Nitakuchoma!"

"Taratibu, shangazi. Nimekuja kukupa pole. Hiyo kanzu nani anaigeuza? Nani anaifukiza udi? Ikioza, marehemu atasikitika."

Aliposikia marehemu atasikitika, Bi Nge alilia. Akamfungulia.

Ndani ya sanduku, kwaru! kwaru! kwaru!

"Sauti gani hiyo?"

"Naikung'uta vumbi, shangazi!"

Kila Ijumaa Bi Nge alisema, "Hebu niione." Dudufedha alimwonyesha shingo tu, penye tarizi. "Usiikunjue, shangazi. Harufu ya marehemu itapotea." Maskini, Bi Nge aliinusa ile shingo, akarudi mlangoni kulinda. Wengine wanamcheka. Mimi simcheki.

Siku ya harusi ikafika. Mbaruku ameshaoga, ananukia. Mama akainyanyua kanzu, na puu! Shingo ikabaki mkononi. Iliyobaki yote ilianguka chini, matundu na unga.

"Mama," Mbaruku akasema, "nitavaa nini?"

Bi Nge alimgeukia Dudufedha, mwiba juu.

"Mwizi wee! Leo ndiyo mwisho wako!"

"Nichome, shangazi," Dudufedha akasema. "Lakini kanzu yote imo tumboni mwangu. Jasho la marehemu limo humu. Udi wake umo humu. Ukiniua, umemzika mara ya pili."

Uongo mtupu, wanangu! Tumboni mlikuwa na wanga tu. Lakini mwiba ulishuka polepole, mpaka chini. Churupu! Dudufedha akaingia ufa wa ukuta.

Mbaruku alioa kavaa shuka ya kuazima. Mama yake hakwenda. Alikaa karibu na ule ufa, na tangu siku hiyo kila asubuhi huuliza, "Upo?"

"Nipo, shangazi," humjibu mwizi wake, kashiba.

Naye Bi Nge hulia kidogo, akashukuru.

Mfiwa hudanganyika kwa jina la maiti wake.