Jamvi la Uani

"Ukimkinga na kila jicho, utamkinga na jua." Wajukuu zangu, mmenisikia asubuhi nikimwambia shangazi yenu Subira atoke chumbani, mkauliza usemi huo umetoka wapi. Umetoka humu humu nyumbani, na ulianza siku tuliyomzika dada yangu Tausi.

Tausi alifariki na mwanawe tumboni. Mama yetu, Bi Mwasiti, hakulia msibani. Alisema tu kwamba watu walilitazama mno lile tumbo. Kwa hiyo nami nilipopata mimba ya kwanza, alikuja kunichukua kwa mume wangu, akanitia chumba cha ndani, akashusha pazia. Kliniki hakutaka kuisikia, maana njiani kuna macho. Akanilisha alivyoona ndiyo mapenzi: uji wa sukari, tende, haluwa.

Mimba ilipofika mwezi wa saba nikashikwa na kiu isiyokwisha, na mifupa ikawa inaniuma. Jirani yetu Bi Chausiku, aliyekuwa akituchotea maji, akatania, "Mwasiti, mtungi wenu umetoboka?"

"Ni mwanangu anakunywa," mama akajibu.

Bi Chausiku akaacha kucheka. "Hata Tausi alikunywa hivyo."

 Mama akanifunika kanga mbili, tukaenda hospitali.

Daktari alinipima damu. Alisema nina kisukari cha mimba, na vitamini D, ile ambayo mwili huitengeneza kwa jua, imepungua sana. "Lakini hatujachelewa," akasema. Akanipa dawa, akakataza vitamu, akaagiza nile ugali wa dona, maharage na dagaa, nitembee, na niote jua la asubuhi.

"Nje? Watu wamwone?" mama akauliza.

"Mama, umemkinga na jicho usilolijua lilipo. Na jua je? Umemkinga nalo pia."

Kesho yake mama alitandika jamvi uani, akanikalisha. Majirani wakachungulia juu ya ua.

"Tazameni," akawaambia. "Mkichoka, mniletee mchicha."

Wakaleta.

Subira alizaliwa salama, akilia hadi mtaa wa pili. Tangu hapo, mama akimwona mtu amemfungia mwanawe kwa hofu, alimwambia: ukimkinga na kila jicho, utamkinga na jua.

Mama hatunaye tena; arobaini yake tumeisoma juzi. Subira ana mimba, na jamvi liko uani.