Sugu za Imamu wa Wasit

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Wasit palikuwa na imamu akiitwa Sheikh Abu Numair, mtu wa elimu na sauti tamu ya Qur'ani, Mola amrehemu. Ila mja huyu alijaliwa miguu mipana kama mikate ya ngano, na jambo hilo lilimkera. Idi ilipokaribia aliona sokoni viatu vya ngozi nyekundu, vyembamba, vyenye ncha kama mdomo wa ndege. Muuzaji akamtazama miguu, akasema kwa adabu, "Sheikh, hivi ni vya mtu mwingine."

"Vitatanuka," akajibu Sheikh.

Viatu havikutanuka. Vidole ndivyo vilivyojikunja. Haukupita muda zikamwota sugu kwenye vidole vya mwisho, ngumu, zenye kiini kama punje ya mtama, akawa anatembea kama mtu anayekanyaga makaa kwa siri.

Mkewe, Bi Lubaba, alimkuta siku moja ameshika wembe, amekunja uso, anataka kuzikata. Akampokonya.

"Baba Numair, ukikata leo, kesho una kidonda, na sugu itarudi na ndugu zake! Leta miguu hapa."

Akamlowekea kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi mpaka ngozi ikalainika, akamsugua taratibu kwa jiwe jepesi lenye vitundu, akampaka mafuta ya ufuta, akamwekea sufi katikati ya vidole.

"Dawa ndiyo hii," akasema, "lakini ukirudi kwenye viatu vile tunatwanga maji kwenye kinu."

Akarudi kwenye viatu vile.

Sasa sikilizeni shetani alivyopata mlango. Alasiri moja Sheikh alikuwa anaosha miguu kwa ajili ya udhu, na kando yake ameketi Mzee Zuhair, muuza siki, mtu mnyenyekevu aliyekuwa akiswali safu ya kwanza. Mzee Zuhair akaziona zile sugu, machozi yakamlengalenga.

"Subhanallah! Jamani, tazameni miguu ya mtu anayesimama usiku kucha mbele ya Mola wake!"

Watu wakageuka. Sheikh akafungua kinywa aseme, "Ni viatu." Kinywa kikasema, "Alhamdulillahi."

Hakuna uongo katika neno hilo, na hapo ndipo Sheikh alipojifichia. Ukweli ni kwamba Sheikh akishaswali isha alilala, na akilala alikoroma mpaka paka wa jirani walihamia mtaa wa pili.

Habari zikaenea. Akichechemea, watu wanampisha njia. Akikaa, wanamletea mto. Kuna kijana mfua shaba aliyekinga kwa chupa maji ambayo Sheikh alioshea miguu, akaondoka nayo ameikumbatia. Sheikh aliyaona yote, na kila heshima ilipoongezeka, uso ulimwaka kwa aibu zaidi. Nyumbani Bi Lubaba alimsugua miguu bila kusema kitu, na kunyamaza kwake kulimuuma kuliko jiwe.

Kisha nafasi ya Mzee Zuhair katika safu ya kwanza ikawa tupu. Leo tupu, kesho tupu. Sheikh akamfuata dukani, akamkuta ameinama kati ya mitungi ya siki, magoti yamevimba.

"Mzee wangu, mbona hatukuoni?"

Mzee Zuhair hakuinua macho. "Nilisimama kama wewe, Sheikh. Usiku baada ya usiku, mpaka magoti yakagoma. Kila asubuhi natazama miguu yangu. Laini! Kama ya mtoto mchanga! Wewe umepewa alama, mimi nimenyimwa. Nikajiambia, Zuhair, acha kung'ang'ania mlango wa asiyekutaka. Nimeacha kuswali."

Sheikh akaona: mtu amekata tamaa na rehema ya Mola kwa sababu ya vidole vyake. Akaanza, "Subira, mzee wangu, huenda Mwenyezi Mungu..." Alijua akiimaliza hotuba ile, atakuwa amemzika mtu huyu kwa mkono wake.

Akaketi chini, akavua kiatu kimoja, akamsogezea.

"Vaa."

Mzee Zuhair akavaa, haelewi. Kiatu kikaingia kwa urahisi, kana kwamba kilishonwa kwa ajili yake. Akautazama mguu wa imamu, akakitazama kiatu.

"Sheikh! Mguu huo uliingiaje humu?"

"Kwa kiburi," akasema Abu Numair. "Sugu zangu zimetoka humo. Usiku mimi nalala, mzee wangu. Wewe ndiye uliyesimama."

Mzee Zuhair akavua kile kiatu, akakirudisha. "Na wale wengine msikitini?"

Ijumaa ile watu walimwona imamu wao akipita mtaa wa wafua shaba peku, viatu vyekundu mkononi. Alipanda mimbari, akavinyanyua, akawaeleza yote, hata kukoroma. Kisha yule mfua shaba akasimama, uso umemparama.

"Sheikh, na yale maji?"

"Yamwage, mwanangu."

"Mama alishayanywa."

Kuna aliyecheka, kuna aliyetoka nje kwa hasira, na Sheikh akafunika uso kwa kilemba chake akilia. Aliposhuka kuswalisha akasikia mtu anachechemea nyuma yake. Mzee Zuhair alikuwa amerudi safu ya kwanza.

Bi Lubaba aliendelea na maji, jiwe na mafuta, naye Sheikh akavaa viatu vipana alivyoshonewa na fundi, vibaya vya sura, na sugu zikaisha. Lakini wanasema mpaka anafariki, kila alipoosha miguu kwa udhu aliinamisha kichwa, na alipoulizwa kwa nini, alisema, "Nazitafuta zile sugu, zisije zikarudi kimyakimya."

Basi ndugu zangu waumini, sifa usiyostahili ni kiatu kisicho chako. Kivue mapema, kabla hakijamwumiza mwingine. Mola atusitiri, na atupe ujasiri wa kujifunua inapobidi.