Mkono wa Usukani na Ufunguo Mmoja

Naomba radhi mapema, kabla hamjakaa vizuri: hadithi hii nitaisimulia vibaya. Niliwahi kusahau maneno jukwaani mbele ya ukumbi mzima, nikajaza nafasi kwa kukohoa robo saa, watu wakapiga makofi wakidhani ndio mchezo wenyewe. Leo hata kikohozi sina. Tena kuna mahali humu ndani ambapo sauti yangu hupenda kukwama, sijui kwa nini. Mkisikia imekwama, nisukumeni kama mnavyosukuma gari lenye betri bovu. Mko tayari? Basi shikeni fumbo.

Mjini Tanga palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Fundi Hizza alikuwa na vidole. Wenzake gerejini walitazama chuma. Yeye alikipapasa macho kafumba, kama mkunga anayetafuta kichwa cha mtoto. Ukimpa nati alikwambia imechoka kiasi gani, na kama aliyeikaza mara ya mwisho alikuwa na hasira.

Bi Mwanakombo, muuza spea, alikuwa na kumbukumbu. Jina la mkwewe lilimpotea kila Idi, ikabidi amwite “baba” mpaka sikukuu iishe. Lakini spea aliyoiona mara moja, hata miaka thelathini iliyopita, alijua ilikuwa ya gari gani, ilishikwa na mkono gani, na mwenyewe alivaa nini.

Na Chande, dalali wa magari ambaye watu walimwita Chiriku, alikuwa na ulimi. Huyu alipata kumuuzia mtu gari lisilo na vioo, na mnunuzi akaondoka akisifu hewa.

Katikati ya hawa watatu alikuwapo Mwalimu Kilua, mstaafu wa hesabu, na gari lake la Kiitaliano: Alfa Romeo ya rangi ya samawati. Aliachiwa na mhandisi mmoja wa Kiitaliano ambaye yeye alimfundisha Kiswahili, na mhandisi alipofunga mizigo kurudi kwao akaona zawadi ya maana ni ile. Ndani ya gari hilo Mwalimu alimposa Bi Fausta, kwenye kona moja juu ya Soni, njia ya kwenda Lushoto. Alisimamisha gari akisingizia injini imechemka.

“Injini ilikuwa baridi kama mtungi,” Bi Fausta husema mpaka leo. “Aliyechemka ni yeye.”

Sasa gari lilikuwa na miaka sita limelala chini ya turubai. Usukani haukutii. Uliweza kuuzungusha nusu duara kabla magurudumu hayajapata habari, na yakishapata, yalitafakari kwanza. Na zile kona za Lushoto si mahali pa gurudumu kutafakari.

Mpwa wake aliyeko Ulaya alitumiwa picha, akaleta spea, ikakataa kuingia. Akaleta ya pili. Kumbe ya gari la usukani wa kushoto. Na Mwalimu hakuwa na muda wa kungoja ya tatu. Alikuwa na presha ya macho. Kila mwezi dunia ilimpungukia pembezoni, mpaka sasa alitazama kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alimwambia wazi kwamba hata tundu hilo huenda likazibika kabla mwaka haujaisha. Alichotaka kabla ya hapo ni kitu kimoja: kuiona tena ile kona, akiwa ndani ya gari lile.

“Si tupande basi, baba Pili?” Bi Fausta alimwuliza.

“Basi halisimami pale, mama Pili. Na mimi sikukuposa ndani ya basi.”

Ndipo akatoa neno mbele ya mafundi wote waliokuja kutikisa vichwa. “Atakayelifanya gari hili litii usukani, ufunguo wake. Gari lake. Ila mimi ni sehemu ya gari: kila Jumamosi atanipakia anizungushe, na aniambie barabarani kuna nini. Maana siku hizo mimi sitakuwa naona.”

Hizza alikuja na mkeka, akalala chini ya gari, akafumba macho. Mafundi waliotangulia wote walisema sanduku la usukani limekufa. Yeye alipapasa kimya mpaka Mwalimu akadhani kasinzia.

“Mwalimu wangu, sanduku zima kabisa. Mgonjwa ni huu mkono unaotoka kwenye sanduku kwenda kuvuta vyuma vya magurudumu. Meno yake ya ndani yameliwa. Halafu umepinda.”

“Uzee huo, fundi.”

“Uzee unakula, haupindi. Huu umegongwa.”

“Gari langu halijagonga hata kuku! Limetoka mikononi mwangu mara moja tu, nilipomwazimisha rafiki yangu mmoja wa michezo ya jukwaani. Siku mbili. Na alilirudisha vizuri, limeoshwa.”

“Limeoshwa,” alisema Hizza, akaupapasa tena ule mpindo.

Hapo. Sauti imekwama. Nisukumeni... ahsanteni.

Basi Hizza akaeleza kwa nini zile spea za Ulaya zilikataa. Magari yale yalikuja na masanduku ya usukani ya aina mbili. Kwa nje pacha, kwa ndani hawasalimiani. Mkono wa moja hauingii kwenye jingine, na picha haiwezi kukuonyesha, kwa sababu tofauti iko kwenye meno, na meno yako ndani. Akaufungua mkono mgonjwa, akaomba mche wa sabuni ya kufulia, akaukandamiza kwenye ncha ya sanduku ilipobaki wazi. Sabuni ilipotoka ilikuwa na alama za meno yote, jino kwa jino.

“Tafuta mkono wenye meno kama ya sabuni hii,” alisema. “Mwingine wowote ni pambo.”

Bi Fausta alisema hiyo ilikuwa sabuni yake ya Jumatatu, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Mwalimu akaibeba sabuni kwa mikono miwili, kama yai, mpaka dukani kwa Bi Mwanakombo. Mama yule alivaa miwani, akaigeuza, akaipitisha kucha, akainusa.

“Usiinuse, Bi Mwanakombo, hiyo ni sabuni.”

“Niache, Mwalimu, pua inaniletea mwaka.” Akafumba jicho moja. “Meno haya nimeyashika. Alikuja bwana mmoja wa shamba la mkonge, kavaa kaptula ya kaki na soksi za kijani, kashika mkono wa meno haya haya, anautafutia bushi. Nikahangaika miezi mitatu, nikaikosa. Akaudhika, akanunua pikipiki. Gari akaliacha Muheza, uani kwa bibi mmoja, Bibi Semng'indo. Jeupe. Taa ya kushoto haina kioo.”

“Una hakika na meno?”

“Mwalimu, wewe umefundisha watoto elfu ngapi? Ukimwona mmoja njiani humjui?”

Siku hizo Mwalimu hakuwa anamjua mtu mpaka amsikie sauti. Bi Mwanakombo akalitambua kosa lake, akamshika mkono akamtoa mpaka barabarani mwenyewe, duka limeachwa wazi.

Chiriku ndiye aliyetumwa Muheza, na gari akalikuta: jeupe, taa ya kushoto haina kioo, na mkono wa usukani upo, umenyooka, umepakwa grisi ya zamani. Juu ya mkono huo, palipokuwa na injini, kuku mwekundu alikuwa ameatamia mayai kumi na moja.

“Njoo baada ya siku kumi,” alisema Bibi Semng'indo, hakuinua hata kichwa kwenye mchicha wake. Kwake kuku aliyeatamia haguswi. Tangu kwa mama yake haguswi.

“Bibi yangu, kuna mwalimu Tanga, macho yake yanafunga.”

“Na vifaranga wangu macho yao hawajayafungua. Nimpendelee nani?”

Chiriku akaona huyu si mteja wa kawaida. Akaketi chini, akaanza kuuchambua mchicha naye. Akasimulia ile kona ya Soni, injini iliyosingiziwa, na binti aliyejua kuwa anadanganywa lakini akakubali kuposwa. Bibi akapunguza mwendo wa mikono. Kisha Chiriku akauliza, kana kwamba jambo limemjia hivi hivi: “Hivi bibi, huyu mwekundu, saa saba akishuka kunywa maji, mayai yanabaki kwenye chuma kitupu? Si yanapoa? Kwenye tenga lenye majani makavu, hapo hapo ubavuni mwa gari, si yangepata joto zaidi?”

“Na akilikataa tenga?”

“Nitaatamia mimi.”

Bibi Semng'indo alicheka mpaka mchicha ukamwagika. “Ukiatamia wewe, watatoka vifaranga wasemaji, mwewe atawasikia toka Korogwe!” Lakini akalileta tenga. Saa saba kuku akashuka, mayai yakahamishwa moja moja. Kuku akarudi, akalizunguka tenga mara mbili, akamtazama Chiriku, akakaa. Mkono wa usukani ukafunguliwa, jioni ukawa Tanga, na meno yake yalilingana na ya sabuni bila kuomba nafasi.

Hizza akaufunga. Jumamosi wakaondoka: Hizza kwenye usukani, Mwalimu kando yake, nyuma Bi Fausta kabanwa kati ya Bi Mwanakombo na Chiriku. Toka Mombo njia ikaanza kupanda na kujikunja, na gari likaitii kila kona. Juu ya Soni Mwalimu akasema, “Simama.” Akashuka. Akageuza kichwa polepole, huku na huku, akiikusanya ile kona vipande vipande kwa lile tundu lake dogo: ukingo, bonde, mgomba. Mwisho akamgeukia mkewe, akamtazama yeye kwa muda mrefu kuliko vyote.

“Injini imechemka,” alisema.

“Mwongo,” alisema Bi Fausta, akafuta macho yake, kisha akamfuta na yeye.

Ndipo Mwalimu akatoa ufunguo. Mmoja tu, wa akiba ulipotea zamani.

“Bila vidole vyangu,” alisema Hizza, “mngekuwa bado mnalizika sanduku lililo hai.”

“Na sabuni yako ungefulia,” alisema Bi Mwanakombo. “Nani aliyejua mkono uko wapi?”

“Uko chini ya kuku!” alisema Chiriku. “Mngeutoa ninyi?”

“Mimi ndiye niliyekaa humu miaka yote,” alisema Bi Fausta, “nikikanyaga breki isiyokuwapo.”

Mwalimu aliugeuzageuza ufunguo kiganjani. Hakuwa anagawa chuma tu, alikuwa anachagua macho yake ya kila Jumamosi. Hizza angelitunza gari lisilale tena, lakini Hizza njiani hasemi. Bi Mwanakombo angemkumbusha kila nyumba ilivyokuwa, lakini za leo hazitazami. Chiriku angemweleza barabara nzima, nusu yake haipo. Na wote watatu, ukimtoa mmoja, ile kona asingeiona.

Nyie mliosikiliza, ufunguo ungekuwa kiganjani mwenu, mngemwekea nani mkononi?

Mimi msiniulize, sina haki ya kupiga kura. Siku ile nilipoliazima gari, niliachia usukani mikono yote miwili, nawaigizia wenzangu jinsi Mwalimu Kilua alivyoposa, na jiwe la pembeni halikucheka. Lakini mkiamua kwamba bila jiwe lile pasingekuwa na hadithi, na ufunguo nipewe mimi, sitabisha. Nitalirudisha limeoshwa.