Bakuli la Mbwa wa Sultani Ghaithi

Alikuwapo Sultani Ghaithi bin Naufali katika mji wa Zabarijadi, mji ambao kuku wake walitagia juu ya mito ya hariri, na anayebisha na alete kuku wake tulinganishe. Sultani huyu alikuwa na mbwa wawili wa kuwindia, Radi na Tufani, na bakuli lao la maji lilikuwa la shaba nzito, kongwe, lililookotwa magofuni, na mtunzaji wao alikuwa Mbaruku, mtu wa kushtuka hata kwa kivuli chake.

Tabu ilikuwa maji. Kila bakuli lilipojazwa, mbwa wale waliliparura, wakatumbukiza pua hata macho, wakalipindua, na marimari ya baraza ikawa tope tupu. Ijumaa moja tone likarukia kanzu ya Sultani anakwenda kuswali, na kwa kuwa mate ya mbwa ni najisi, swala ya jamaa ikampita akibadili nguo.

"Ewe Mbaruku!" akanguruma. "Leo alasiri waja wajumbe kumposa binti yangu. Wallahi, wakikanyaga tone moja barazani, shingo yako ni halali ya upanga!"

"Nasikia na kutii, ewe maulana," akajibu Mbaruku.

Akatia jiwe bakulini. Tufani akalitoa kwa meno. Mbaruku akalifunga bakuli nguzoni kwa kamba, Radi akaitafuna. Akawanyima maji, wakalia hata Sultani akachungulia dirishani, ikabidi awajazie tena. Na siwa, baragumu la wajumbe, ikasikika langoni, na sakafu imelowa ukuta kwa ukuta.

Hapo akaingia Mwanahawa, mchota maji wa kasri, ambaye Mbaruku alimpenda asithubutu kutamka.

"Looo! Kaka Mbaruku, wafuga mbwa au bata?"

"Usinicheke, dada, mwenzio nakufa."

"Bakuli hili waliosha?"

"Naliosha."

"Mara saba, moja kwa udongo, kama ada ya kasri?"

Mbaruku akatazama vidole vya miguu yake. "Nalisuuza."

"Walisuuza! Basi lioshe leo, angalau ufe umefanya kazi yako."

Mbaruku akaliosha, na alipolisugua kwa udongo, shaba ikavuma, moshi ukafoka, na jini mrefu kama mnara akasimama, pua yake imejaa mikwaruzo ya makucha.

"Ewe mwana wa Adamu! Nilifungwa katika kitako cha shaba hii, na fundo langu halifunguki ila kwa udongo wa kutwaharisha. Mbwa hawa hawakuwa wakicheza. Waliuona uso wangu majini wakataka kunitoa, na nyinyi mkaona tope tu. Omba utakalo!"

Mwingine angeomba ufalme. Mbaruku alisikia viatu vya wajumbe ukumbini, akapiga ukelele, "Kausha sakafu!"

Jini akavuta pumzi moja, na sakafu ikakauka, hata machozi ya Mbaruku yakakauka mashavuni, kisha jini akatoweka. Wajumbe wakaingia, wakawakuta mbwa wamelala, na maji yametulia katika bakuli lililogeuka dhahabu, shukrani ya jini. Posa ikapita, na Sultani kwa furaha akamtunuku Mbaruku bakuli lile akawa tajiri, na Mwanahawa akakubali kuolewa naye kwa sharti moja: "Vyombo vyangu hutavisuuza."

Wakaishi kwa raha hata mauti yalipowafikia. Na watu wa Zabarijadi husema, kazi ya nusu humfunga aliye ndani na aliye nje. Nawe ukimwona mbwa anaparura bakuli lake, usimwinulie fimbo. Lioshe kwanza, kwa udongo, kisha simama mbali.